Gari ya Kasi Si Aibu kwa Mwanamke, Aibu ni Kuichomea Nafaqa ya Mke



Leo nina jambo ambalo najua litawaudhi watu, wakiwemo baadhi ya wateja wangu. Sisi tuna maneno mawili kwa kitu kimoja. Kijana wa kiume akinunua Subaru ya turbo yenye ekzosi inayoamsha watoto mtaa mzima, tunasema mwacheni, ndio starehe yake, bora hiyo kuliko ulevi. Mwanamke akinunua gari ile ile kwa pesa yake, tunasema kakosa haya, na kama hajaolewa tunamwongezea kuwa hatopata mume. Mie nasema tumeipindua. Kwa mizani ya dini yetu, hela ya kuchezea gari ina wepesi zaidi mkononi mwa mwanamke anayejichumia kuliko mkononi mwa mume wa mtu. Nitaeleza kwa nini, na mwenye hoja alete hoja. "Watu watasemaje" si hoja.

Kwanza tuelewane ni gari zipi. Sizungumzii Vitz, wala Noah, wala kirikuu cha kubebea vitambaa. Nazungumzia gari iliyotengenezwa kwa kukimbia: Subaru Impreza WRX na STI, Mitsubishi Lancer Evolution, Toyota Altezza ya gia za mkono, Mark II na Chaser zenye injini ya 1JZ ya turbo. Nyingi zinatufikia zikiwa zimeshatumika Japani. Kampuni za kule zilikuwa na makubaliano ya wenyewe kwa wenyewe, tangu 1989 mpaka 2004, kuwa gari ya kuuzwa nyumbani isitangazwe kuwa na nguvu zaidi ya farasi 280. Ndio maana ukisoma karatasi za gari hizi utaona 280 inajirudia rudia, na nyingine zilikuwa na zaidi ya kilichoandikwa. Vitz ndogo ya lita moja ina farasi kama 70. Sasa pata picha, Vitz nne ndani ya gari moja, na anayeziendesha ni kijana wa miaka 24 aliyepata leseni juzi.

Mapenzi haya hayakutoka hewani. Safari Rally ya Kenya, Mitsubishi walishinda 1996, Colin McRae akashinda na Subaru Impreza 1997, Mitsubishi wakarudi tena 1998. Waliokuwa watoto wakati ule wakiziangalia kwenye televisheni ndio hawa baba zenu wadogo na waume zenu wa leo.

Na raha ipo, nisidanganye. Kuna masheikh wa vibarazani wanaosema hizi ni gari tu, zote zinafika. Huo ni usemi wa mtu ambaye hajawahi kuendesha. Yangu ni Altezza ya 2001, gia sita za mkono, inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini yake ni ya lita mbili, haina turbo, farasi 210, na nguvu hizo zote huzipati mpaka mshale wa mizunguko ufike huko juu karibu na 7,600. Aliyejifunza kushona hariri kwa cherehani ya mguu atanielewa. Mguu unazungumza na mashine, mkono unafuata, na ukikosea kidogo tu kitambaa kinakwambia. Ndivyo ilivyo kupunguza gia kabla ya kona huku ncha ya kiatu ipo kwenye breki na upande wa mguu unagusa mafuta kidogo, ili injini na gia zikutane bila kishindo. Nilichukua miezi kulipata hilo. Siku nilipolipata nilicheka peke yangu ndani ya gari kama mwendawazimu.

Asubuhi ya Jumapili baada ya Alfajiri naelekea njia ya Makunduchi. Jozani naenda pole, matuta yapo na kima punju wanavuka, wale wana haki ya barabara kuliko mie. Nikitoka hapo najisikiza gari, najisikiza mwenyewe. Saa moja na nusu nipo nyumbani natia chai. Wiki nzima nashikwa mkono na mashono ya watu, ile saa moja ni yangu.

Atakayesema ni upuuzi wa dunia nimkumbushe kuwa Mtume (SAW) aliwashindanisha farasi Madina, farasi waliofunzwa wakapewa masafa marefu na wasiofunzwa masafa mafupi, na Abdullah bin Umar alikuwa miongoni mwa waliopanda. Na alishindana mbio na mkewe bibi Aisha, mara akashindwa, mara akashinda. Kwa hiyo kupenda kasi peke yake si dhambi, wala wanawake hawakuambiwa wakae pembeni watazame.

Sasa gharama, na hapa naomba msome polepole, maana ndipo bibi harusi wengi wanapofumbwa macho. Bei ya kununulia ndio sehemu ndogo. Gari hizi nyingi zina miaka ishirini na zaidi, kwa hiyo iliyochoka inapatikana kwa pesa isiyopishana sana na gari ya kawaida, na kijana anajiona kaokota embe dodo chini ya mwarobaini. Hajui kuwa ndio kwanza kaanza kulipa.

Chukua mafuta. Kwa urahisi wa hesabu tuseme lita ni shilingi 3,000, na mtu anatembea kilomita 30 kwa siku, siku 26 za mwezi. Gari ndogo inayokwenda kilomita 15 kwa lita itakula 156,000. Impreza ya turbo inayokwenda kilomita 7 kwa lita itakula zaidi ya 330,000. Tofauti ni kama 178,000 kila mwezi, na kwa mwaka imeshapita milioni mbili. Hapo bado hajajionyesha kwa mtu.

Halafu turbo yenyewe. Ni feni mbili kwenye mti mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha moja, ya pili inasukuma hewa kuirudisha ndani. Inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoizuia isijisage ni utando mwembamba wa oili. Oili ikichelewa kubadilishwa, au mtu akitoka mbio akazima gari papo hapo bila kuiacha dakika moja mbili ipoe, oili inaungua humo ndani na turbo inaanza kufa kidogo kidogo. Kwa hiyo oili iwe ya daraja, na ibadilishwe kila kilomita 5,000. Habari ya "nikipata nitabadilisha" hapa haipo.

Injini ya Impreza hizo ina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi. Ukikatika njiani, valvu zinagongana na pistoni, na hapo hununui mkanda tena, unanunua injini. Sasa gari inakuja kutoka Japani na kilomita 98,000 kwenye dashibodi, muuzaji anaisifu, haijatembea hii. Labda kweli haijatembea, ila mkanda wake umeshafika kudai.

Tairi. Subaru na Evolution zinasukuma kwa magurudumu yote manne, na tairi zikipishana unene zile gia za katikati zinateseka kila mita unayokwenda. Maana yake tairi moja ikiharibika wakati nyingine zimeshaliwa nusu, unatakiwa ubadilishe zote. Ikiwa tairi ya maana ni 250,000, msumari mmoja umekugharimu milioni. Na sisi tupo kisiwani, chumvi inakula bodi kama inavyokula zipu za nguo zilizotundikwa dirisha la baharini.

Bado maradhi yenyewe hayajaanza. Maradhi ni kubadilisha: rimu, ekzosi, springi fupi ili gari ikae chini, halafu matuta yetu yanampasulia bakuli la oili chini ya injini, anarudi gereji, anamlaumu aliyejenga matuta. Klachi ya kwanza alipewa na Japani, ya pili anainunua yeye kwa sababu kila akitoka kwenye mataa anataka dunia ijue katoka.

Zangu nimeziandika kwenye daftari moja na vitambaa na mishahara ya wasichana wangu watatu, ukurasa wake wa nyuma. Altezza haina turbo na inasukuma kwa magurudumu mawili, niliichagua kwa sababu hiyo hiyo. Kuna miezi inakula oili na mafuta tu. Kuna mwezi ilikula zaidi ya faida ya magauni manne ya harusi. Nililipa, kwa sababu pesa ilikuwepo na haikuwa ya mtu mwingine.

Hilo la mwisho ndilo ninalolisimamia. Nafaqa ya mke na watoto ni deni juu ya mume: chakula, nguo, makazi, kwa kadiri ya uwezo wake kama Suratut Talaq inavyotufunza. Mke akiwa na duka zima Darajani na mume ana kibanda cha vocha, wajibu bado ni wa mume. Hind bint Utba alipomshtakia Mtume (SAW) kuwa mumewe Abu Sufyan anabana mkono, aliruhusiwa kuchukua kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema, hata bila ya mume kujua. Jamani tulifikirie hilo. Mali ya mume ina mkono wa mke ndani yake kabla haijafika kwenye starehe ya mume.

Mali ya mke je? Mahari yake ni yake, Suratun Nisaa iko wazi. Alichochuma ni chake. Akitoa kwa ajili ya nyumba amefanya wema mkubwa; Zainab mke wa Ibn Mas'ud alipouliza kama anaweza kumpa mumewe sadaka yake, akaambiwa ana malipo mawili. Lakini ni sadaka. Hakuna kadhi atakayemwita amuulize kwa nini hakununua mchele.

Basi ziegeshe Impreza mbili pamoja. Moja ya mume ambaye mkewe anakopa nazi dukani. Nyingine ya mwanamke mwenye saluni yake, hadaiwi, wazazi wake kawatazama. Wewe niambie ipi ina harufu ya haramu. Sisi tunaipigia vigelegele ya kwanza na ya pili tunaifungia mlango.

Sisemi mwanamke kapewa ruhusa ya israfu. Aya za kukataza ubadhirifu hazikubagua mwanamume wala mwanamke, na Suratul Furqan inatutaka tuwe katikati, si kumwaga wala kubana. Mwanamke anayenunua gari kwa mkopo wa riba, au anayechelewesha mishahara ya watu ili anunue rimu, huyo simtetei. Na nimeshaambiwa usoni kwangu, pesa ya Altezza ingekupeleka Hija. Swali zuri, nami silikimbii. Mwenye uwezo wa Hija aitangulize Hija, mwanamke na mwanamume, na mie akiba ya Hija ipo mbali na ya gari na haiguswi hata mkanda ukikatika. Ila mbona swali hili sijawahi kumsikia mtu akiwauliza wale vijana wanaopanga gari zao Forodhani?

Sasa nije kwa bibi harusi, maana mnapokuja kupima gauni ndio mnanifungulia moyo.

Usimchague mume kwa gari yake na usimkatae kwa gari yake. Mume anayependa gari na anajua hesabu zake ni mtu anayeweza kutunza kitu. Nimewaona wanaoijua gari yao mpaka sauti, na ndivyo wanavyomjua mke akikohoa. Lakini kabla ya nikah, walii wako au wewe mwenyewe mbele ya walii, muulize. Kadi ya gari ina jina la nani? Imelipwa au inadaiwa? Mwezi uliopita ilikula shilingi ngapi? Asiyeweza kujibu hili la tatu hajui gari yake inakula nini, na hatojua nyumba yake inakula nini. Hapa si pa kuoneana haya. Tunauliza kabila, tunauliza ukoo mpaka babu wa nne, halafu kitu kinachokula laki tatu kwa mwezi tunakiona kwenye picha za harusi kimefungwa utepe tunasema mashaAllah.

Na dhahabu yako. Nimemshonea msichana gauni la harusi, mwaka haukuisha akaja kutaka kazi kwangu. Bangili za mahari zilikwenda kwenye gia boksi ya Evolution. Aliambiwa ni mkopo, mwezi mmoja tu mke wangu. Gari ilitengenezwa, ikauzwa, ikanunuliwa nyingine kubwa zaidi, na bangili hazikurudi. Alipouliza akaambiwa hana mapenzi. Shoga yangu, Qur'ani inasema mke akitoa sehemu ya mahari kwa ridhaa ya nafsi yake mume ale bila tabu. Ridhaa ya nafsi yake. Kununiwa siku tatu mpaka ukatoa hakuitwi ridhaa. Kama unataka kumkopesha, mkopeshe, iandikwe na mashahidi wawepo kama deni lolote lile, maana aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandika deni, na haikuwatoa waume.

Na kwa kuwa leo nimeamua kusema, tuseme na letu. Wapo wanaolaani gari ya mume huku gauni la usiku mmoja limegharimu zaidi ya tairi zote nne, bado la kesha, bado sare za mashoga ishirini, na fedha zile zimetoka kwa baba anayedaiwa. Mie ndio ninayeyashona, najua bei kwa sababu mie ndiye ninayezitoa. Naharibu biashara yangu mwenyewe hapa lakini ndio haki: gari angalau asubuhi inakupeleka hospitali. Ukimwekea mume mizani, na wewe panda.

Tuje kwenye haya. Nimeambiwa mwanamke kushika gia na kusikika ekzosi ni kujionyesha. Ya kelele nakubali, na nakubali kwa wote wawili. Jirani ana haki, na ekzosi ya kutoboa masikio usiku ni udhia kwa mgonjwa na mtoto. Yangu ni ya kiwandani, haina fujo. Lakini kuendesha? Saudi Arabia wenyewe walifungua kuendesha kwa wanawake tarehe 24 Juni 2018, na Novemba 2019 Msaudia Reema Juffali alishindana mbio za gari pale Diriyah, nchini kwake. Huku kwetu wanawake tunaendesha tangu zamani, hakuna aliyetukataza. Kinachokatazwa kumbe ni kuendesha vizuri, na kufurahia.

Kuhusu mwendo wenyewe sitaki mzaha. Unguja hatuna uwanja wa mbio za gari, na kisiwa kizima hakifiki kilomita 100 kutoka Nungwi mpaka Makunduchi. Barabara ina watoto wa madrasa, ina baiskeli zisizo na taa, ina ng'ombe. Anayeshindana humo, mume au mke, anachezea roho zisizo zake, na akiua atalipa hapa na kule. Raha ya gari hizi asilimia kubwa ipo kwenye kona na gia ukiwa na mwendo wa kawaida kabisa. Anayehitaji 160 ndipo afurahi hajajifunza kuendesha, anajifunza kukanyaga.

Namalizia na la ufundi wangu, maana wawili watatu wameniuliza. Buibui la kawaida linalofagia chini ni hatari kwenye gari ya gia za mkono. Pindo linaingia chini ya kisigino, na mguu wa klachi unanasa wakati unauhitaji. La kuendeshea nalikata pindo inchi mbili juu ya lile la kawaida, ndani unavaa suruali pana ya kitambaa kile kile ili sitara ibaki ukishuka, na mkononi natia mpira laini mkono usining'inie kwenye stering. Nyuma sitii shanga wala mawe, yanachoma mgongo na kukwangua kiti. Viatu viwe vya soli nyembamba, ndala ziache nyumbani. Ukija kupimwa njoo umevivaa viatu hivyo hivyo, nipime urefu ukiwa umekaa na mguu umenyooka kama umeibonyeza klachi hadi chini. Nipo siku zote baada ya saa nne asubuhi isipokuwa Jumamosi hii, gari inabadilishwa oili.